Suruali Nene Kama Godoro

Kabla hakujakucha nilisikia mfuniko wa birika ukigongagonga jikoni. Maji yalikuwa yamechemka zamani na mimi nimekaa tu kwenye kigoda, mawazo yamenichukua. Alfajiri nyingine zote sauti ya kwanza nyumbani kwetu ni tupa, mjukuu wangu akinoa mnyororo wa msumeno wake wa mota, kri, kri, jino baada ya jino, na mimi namgombeza kwamba majirani wamelala. Asubuhi ile tupa ilikuwa imelala kwenye kopo lake. Nikajaza chai kwenye chupa, nikaizungushia taulo isipoe, nikaenda hospitali.

Mjukuu wangu ni mkata miti. Nimemlea tangu mama yake, binti yangu, alipofariki. Juzi msumeno ulimrukia akiwa juu ya mti, ukamla paja la kushoto. Aliyemshusha kwa kamba na kumbeba mpaka kwenye gari ni mwenzake wa kazi, wanayemwita Kengele kwa sababu akiwa juu hanyamazi, kila tawi lazima alitangaze. Kengele huyohuyo ndiye aliyenipigia simu, analia.

"Bibi, shukuru Mungu alikuwa amevaa ile suruali. Bila ile suruali mguu ungebaki kule juu."

Nikashukuru. Jana madaktari wakaniita, wakaniambia mshipa umeharibika, hakuna namna. Wakaukata mguu juu ya goti. Nikaendelea kushukuru, maana uhai upo.

Suruali yenyewe naijua, ya kumkinga mtu na msumeno. Waliinunua wote wawili siku moja sokoni, kwa mtu anayetandaza vifaa vya kazi chini kwenye turubai. Jioni ile mjukuu wangu alinisimulia alivyokagua kila kitu. Kofia ngumu aliibonyeza kwa kidole gumba ikabonyea, akairudisha. Glavu alizilowesha kwa maji ya kunywa zikamwachia rangi viganjani, akazirudisha nazo. Mkanda wa kupandia aliuvuta mshono ukacheka meno, akamwambia muuzaji, "Huu wa kufungia mbuzi, na mbuzi mwenyewe awe mpole." Watu wakacheka. Ilipofika kwenye suruali, akaibana kwa vidole, akaipima uzito, akaitandika pajani, akajipiga ngumi. Nene kama godoro. Ina picha ya msumeno pembeni. Kengele alisita, akasema bei ndogo vile ni ya nguo ya kulalia. Mjukuu wangu akamwambia, "Mimi nimeshakataa vitu vitatu hapa. Hiki nakikubali." Kengele akanunua na yake kwa neno hilo.

Nilimkuta ameamka, akili imemrudia. Mfanya usafi alikuwa anapiga deki, akasimama, akanivutia ndoo pembeni nipite bila kukanyaga maji. Nikammiminia mjukuu wangu chai. Alikunywa kidogo, halafu akamuuliza nesi, "Dada, suruali yangu mliitupa?"

"Ipo. Nimekuwekea."

Akaitoa kwenye mfuko chini ya kitanda. Alikuwa ameifua damu yote na kuikunja. Sikumwomba, wala si kazi yake.

"Mguu mmoja mzima kabisa," mjukuu wangu akasema. "Bibi, mpelekee Kengele. Atatoa kiraka, yake ikichanika."

Nesi hakuiachia. Aliishika tu, akanitazama mimi kwanza, kisha yeye.

"Kaka, nikwambie kitu, usinielewe vibaya. Mwaka jana aliletwa mkata miti mwingine. Msumeno ulimpiga hapahapa pajani. Nilitaka kuichana suruali yake kwa mkasi, mkasi ukagoma. Ndani kulikuwa na nyuzi ndefu nyeupe, zimeuzonga mkasi mpaka ukakwama. Tukamvua kama anavyovuliwa mtoto. Alikuwa na alama nyekundu tu. Akaniambia ndivyo zinavyofanya kazi, nyuzi zinakimbilia kwenye mnyororo, zinaukaba, msumeno unazima. Yako niliichana kwa mkono mmoja. Kama mto wa kulalia."

Mjukuu wangu alinyoosha mkono, akaibana tena suruali kwa vidole, kama alivyofanya sokoni. Kisha akasema, polepole, "Kengele yuko wapi?"

Nikamwambia yuko kazini, anaumalizia mti uleule.

"Na suruali ileile. Anaiamini kuliko mwanzo." Akachukua simu, akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. "Akipanda, simu anaiacha kwenye mkoba. Bibi, nenda. Mshushe. Mimi ndiye niliyemwambia anunue."

Nesi akanifungia suruali kwenye mfuko. Bila kuulizwa akaingiza na mkasi wake.

"Utanirudishia," akasema.

Mti ulikuwa nyuma ya nyumba ya kupanga, karibu na ukuta wa barabarani. Nilimsikia Kengele kabla sijamwona. "Linakujaaa! Wa chini, pisheni!" Tawi likashuka, likadunda. Kwenye shina, usawa wa paa, kulikuwa na doa jeusi ambalo sikutaka kulitazama.

Msimamizi alinijua, akanipa pole. Mshika kamba, mtu wa makamo mwenye mvi kidevuni, alikuwa amejiviringishia kamba kiunoni, lakini kwa mguu akanisogezea kreti. "Kaa, mama. Jua kali."

"Sikai. Naomba mwite Kengele ashuke."

"Mama, mwenye nyumba anataka mti uwe chini leo," msimamizi akasema. "Akishuka, kupanda tena ni saa nzima."

Nikapiga kelele mwenyewe. Sauti yangu si kubwa, lakini kule juu msumeno ukazimwa.

"Bibi! Umekuja kusaidia? Panda, nafasi ipo!"

"Shuka, mwanangu."

"Mgonjwa vipi?"

"Shuka nikwambie."

Nadhani alifikiri nimeleta habari ya msiba. Alishuka mbio, uso umembadilika. Alipofika chini nikamshika mkono, nikamwambia mjukuu wangu yu hai, ila mguu wameukata.

"Wameukata? Nilimbeba na mguu wake! Mguu ulikuwepo!"

"Ulikuwepo. Haukupona."

Nikamweleza maneno ya nesi. Akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

"Nesi anajua sindano, Bibi. Suruali hii ndiyo iliyomwokoa. Iguse. Ona unene wake."

Nikatoa mkasi, nikaikata suruali ya mjukuu wangu mbele yake, ule mguu mzima, tangu paja mpaka chini. Haikunipa kazi yoyote. Mkono wangu una baridi yabisi, hata vitunguu siku hizi vinanishinda, lakini ile niliikata. Ndani kulikuwa na sponji ya njano na pamba ya vipandevipande. Ilimwagika kwenye majani.

Kengele akaitazama.

"Hiyo inaweza kuwa mbovu peke yake," akasema, lakini kwa sauti ndogo. "Yangu nilichagua mwenyewe kutoka chini ya lundo."

"Basi tuiangalie."

"Ukiikata sina nyingine."

Msimamizi alitazama saa. Kengele akafungua mikanda yake, akaweka mguu mbele, juu ya kreti niliyopewa mimi, akageuza uso pembeni.

"Kata, Bibi. Usinikate mimi tu."

Nikaingiza mkasi kwenye nguo, juu ya goti. Nilisali ukwame. Kweli nilisali hivyo, ukwame, nionekane bibi mjinga niliyewapotezea watu muda. Ukapita. Sponji ileile ya njano.

Kengele aliikusanya ngumini. Akasema, "Leo nimeuegemeza msumeno kwenye paja hili asubuhi nzima. Nilikuwa sijali. Nikijua nimevaa." Akakaa chini.

Msimamizi si mtu mbaya. Alivua kofia, akajifuta. Lakini alisema, "Sasa nani anamalizia? Nisipomaliza leo hatulipwi hata mmoja."

"Mimi sipandi," Kengele akasema.

"Basi na kesho usije."

Mshika kamba alikuwa ameshaanza kujifungua kamba kiunoni. Aliuokota mkanda wa Kengele, akajivisha. Alikuwa amevaa suruali ya kawaida, ya kitambaa, imepauka magotini.

"Na wewe usipande, baba," nikamwambia. "Nakuomba."

"Mama, mimi sikuuziwa kitu." Alinisogezea tena kreti, akaipangusa pamba. "Najua nimevaa kitambaa. Nitakata nikijua hivyo." Akapanda. Alipanda kwa uangalifu, mguu mmoja, anasubiri, mguu mwingine, na msimamizi akashika kamba.

Tukaondoka, Kengele na mimi. Nyuma yetu msumeno ukawaka.

Wodini mjukuu wangu alipomwona Kengele mlangoni, suruali imefunguka paja lote wazi, alijifunika uso kwa shuka. Nikamrudishia nesi mkasi. Alikuwa na kazi nyingi lakini aliacha, akaleta kiti cha pili.

"Nisamehe," mjukuu wangu akasema ndani ya shuka.

"Nitakusamehe ukinilipa suruali," Kengele akasema. "Natembea mjini uchi kama kuku aliyenyonyolewa." Akaweka mkono kitandani, pale ambapo mguu ungekuwa, akaona pako bapa, akauondoa mkono.

"Nani amebaki juu?" mjukuu wangu akauliza.

Kengele akanitazama. Nisingeweza kumdanganya.

"Mshika kamba," nikasema.

Mjukuu wangu aliteremsha shuka. "Yule hana hata suruali ya bandia."

"Hana."

"Ana watoto wanne."

Nikammiminia Kengele chai iliyobaki, imeshapoa, akainywa yote kwa heshima. Kazi alikuwa hana tena, wala hakulitaja hilo mbele ya mgonjwa. Muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha akasimama, akakusanya suruali yake kwa mkono.

"Napitia kule nikaone kama ameshashuka."

Mjukuu wangu akamshika kiganja, hakumwachia.

"Ukishamwona, rudi uniambie. Hata kama ni habari mbaya, uje wewe. Na kesho uje tena."