Mwenye Maji Aonje Kwanza

Bomba la Chilangala lilisimama siku tatu bila mtu kukinga maji. Lilikuwa jipya, limepakwa rangi ya kijani, na chini yake walitengeneza kisakafu cha saruji kizuri kuliko sakafu ya nyumba ya jumbe. Kuku tu ndio waliokwenda kunywa yale matone, na jioni tukawa tunawahesabu. Hawakufa. Jirani yangu Mwanakombo akasema kuku si ushahidi, kuku anakula hata nge.

Shaka ilianza siku ya kufungua. Mzungu wa maji, tuliyemwita Bwana Bomba kwa sababu jina lake lenyewe lilituumiza meno, alikuja na karani wake Cyril, kijana wa misheni ya Masasi, aliyevaa soksi ndefu katika jua la Septemba. Bwana Bomba akafungulia, maji yakaruka, akajaza kata, akampa jumbe. Jumbe akaishika. Akangoja. Sote tukangoja. Kwetu anayekupa maji huonja kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Hata mkwe humwonjea mkwewe. Mzungu hakuonja. Alitutazama, akatabasamu, akajipangusa jasho, kisha akafungua kichupa cha bati kilichoning'inia kiunoni mwake, akanywa maji yake aliyotoka nayo Newala.

Kazi ikaishia hapo. Jumbe akaimwaga kata polepole, kama mtu anayemwagilia mchicha.

"Umeona?" Mwanakombo akaniuliza njiani. "Ana yake."

"Nimeona."

"Nchi hii maji ya bure yaligawiwa mara moja tu, zamani za Mjerumani. Babu yangu aliyanywa. Akaambiwa risasi zitageuka maji."

"Yale yaligawiwa na waganga, Mwanakombo. Haya ni ya serikali."

"Na huyu unajuaje si mganga? Miezi sita anapima ardhi kwa kamba, anachungulia kwenye kijidude chenye miguu mitatu. Mganga wenu wa Chiwata si naye alikuwa na vidude vyake?"

Wengine walisema ni dawa ya kulegeza wanaume, wakubali kupelekwa Nachingwea kulima karanga. Mimi nikasema wanaume wa Chilangala wamekwisha kulegea, serikali isijisumbue.

Nilicheka nao, lakini nilikuwa na siri. Mimi nimezaliwa Chiwata, nimesoma kwa masista mpaka darasa la nne, na nimewafulia nguo, kabla ya kuolewa huku nikingali msichana. Mzungu huchemsha maji yote anayokunywa, hata ya mvua, hata aliyoyachota mwenyewe. Ningeweza kuwaambia wenzangu hivyo. Sikusema. Kwanza wangeniita mtoto wa Wazungu. Halafu shaka yangu ilikuwa mbaya kuliko yao. Wao walidhani ametia kitu ndani. Mimi nilijiuliza: kama anajua maji haya hayalifai tumbo lake bila kupita motoni, mbona sisi hakutuambia? Matumbo yetu ni ya mbuzi?

Lakini nyumbani nilikuwa na Dominika, mke wa mwanangu Kasiani. Kasiani mwenyewe alikuwa kwenye mkonge huko Lindi. Mwaka juzi Dominika aliteleza na mtungi kwenye mteremko wa kwendea kisimani bondeni, mimba ya miezi saba ikatoka palepale mawe yalipo. Sasa alikuwa na nyingine, ya miezi minane. Nilimkataza mteremko, nikawa nashuka mimi. Naondoka alfajiri, narudi jua la utosini, magoti yanalia kama mlango wa kanisa, na debe moja la watu wawili. Siku ile ya tatu nilirudi na nusu debe. Nusu nyingine niliinywesha njia.

Dominika akalitazama debe, akanitazama na mimi.

"Mama, kesho nashuka mimi."

"Hushuki."

"Nashuka."

Nikajua atashuka. Ni mkaidi, na kama si ukaidi wake nisingempenda.

Mchana ule Cyril akapita nyumba kwa nyumba. Bwana amechoka, akasema. Alasiri anakuja na fundi. Kama hakuna anayeyataka maji, bomba linafungwa, linapelekwa kijiji kingine.

"Shikamoo, Mama Kasiani."

"Marahaba, baba. Soksi hazikuwashi?"

Akajifanya hakusikia. "Mama, wewe umesoma. Wafahamishe wenzako. Serikali inawapenda."

"Tangu lini? Kodi mnachukua tangu nikiwa na meno yote. Leo ndiyo mmekumbuka kwamba tuna koo?"

"Serikali ni kama baba, mama."

"Vizuri. Basi baba na aonje."

Akacheka, akaona mimi sicheki. "Hawezi. Daktari amemkataza maji yasiyochemshwa."

"Na daktari wetu sisi anasemaje?"

Cyril akaziangalia soksi zake.

Alasiri watu walikuja kutazama bomba likifungwa, wakasimama mbali, kama watu wanaotazama nyumba ya jirani ikiungua. Fundi alikuwa ameshika spana. Nikapita katikati yao na debe kichwani na kata mkononi. Nikafungulia mwenyewe, nikajaza kata, nikapiga goti kidogo kwa heshima, nikampelekea Bwana Bomba kwa mikono miwili.

"Mwambie," nikamwambia Cyril, "haya si fadhili. Kodi tumetoa, mizigo yao tumebeba, vijana wetu wamewapigania Burma. Watu kupata maji ni kazi ya anayetawala, na amechelewa sana. Lakini leo yeye ndiye anayekaribisha, na anayekaribisha huonja. Mwambie pia kwamba kesho mke wa mwanangu atashuka mteremko uliomla mtoto wake wa kwanza. Mimi sina muda wa kuhesabu kuku."

Cyril akatafsiri. Maneno yangu yalikuwa mengi, yake yakawa matatu.

"Mwambie yote, baba. Darasa la nne na mimi nilifika, maneno najua kuyahesabu."

Akamwambia yote, akitoka jasho. Uso wa Bwana Bomba ukawa mwekundu. Akaitazama kata. Mkono ukaenda kwenye kichupa cha kiunoni, ukarudi. Akauliza kitu.

"Anauliza, akinywa mtayachota?"

"Mwambie tutaona."

Akaweka kata mdomoni, akaishusha upesi.

"Amelowesha masharubu," Mwanakombo akasema kutoka nyuma. Watu wakaguna.

"Kata nzima," nikasema.

Sijui Cyril alitafsiri nini, lakini Mzungu alivua kofia, akainua kata, akanywa. Kijiji kizima kikatazama koo la mtu mmoja likipanda na kushuka. Alipomaliza akaigeuza kata chini juu, tuone.

Hakuna aliyesogea.

"Tungoje kesho tuone kama ataamka," Mwanakombo akaninong'oneza.

"Wewe ngoja. Aliye na mimba nyumbani kwako nani?"

Nikakinga debe. Nikalipeleka, nikarudi nikakinga la pili, na kila nilipopita watu walinipisha njia kama napita na jeneza. Fundi akatia spana mfukoni. Cyril akasema Bwana ameridhika. Sikumuuliza ameridhika na nini.

Dominika alinipokea mlangoni.

"Alikunywa?"

"Alikunywa."

"Alimeza?"

"Koo lake nililitazama mimi mwenyewe."

Akanywa kata mbili bila kupumzika. Usiku huo mimi sikulala vizuri. Kila alipojigeuza nilisikiliza.

Asubuhi Mwanakombo akafika uani kwangu na debe tupu, akasimama pembeni, hataki kukaa.

"Dominika yuko salama?"

"Yuko nyuma ya nyumba."

"Anafanya nini?"

"Anaoga."

Mwanakombo akasikiliza. Kweli maji yalikuwa yanamwagika, mengi, mwezi wa Septemba, wakati ambapo Chilangala nzima ilikuwa inajipangusa kwa kitambaa. Hakuaga. Alishika njia ya bombani kwa mwendo ambao sikuuona kwake tangu tukiwa wasichana, nami nikachukua debe langu nikamfuata, kwa kuwa sikupenda kabisa anitangulie.