Gari la Tembo

Mama Pacha alikuwa kwenye ungo wa pili wa maharage, anapepeta huku akimnung'unikia mumewe kwa kuiacha chai ipoe, aliposikia ukelele shambani. Mume huyo alikesha juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mahindi. Kulipopambazuka alidhani tembo wote wameondoka, akashuka. Kumbe mmoja alibaki. Mama Pacha na majirani walimkuta chali, paja limepasuka, damu inalowesha udongo.

Jirani yao, fundi baiskeli, alimkaza paja kwa mpira wa tairi. Wakang'oa mlango wa nyumba, wakamlaza juu yake. Njia ile haipiti gari ila la hifadhi ya wanyama, kwa hiyo Mama Pacha akawapigia.

"Mume wangu kajeruhiwa na tembo! Jamani, leteni gari!"

"Pole sana, mama. Watu ni kazi ya zahanati. Magari yetu ni ya wanyama."

Zahanati nao wakasema gari lao limewekwa juu ya mawe, halina magurudumu. Jua likapanda. Baba Pacha akaacha kuguna, na hapo ndipo mkewe aliposhikwa na kiwewe.

"Shemeji, hebu lete hiyo simu," fundi akasema. Akabana pua. "Halo, hifadhi? Huku kwa Mama Pacha kuna tembo kaumia mguu. Anavuja damu vibaya!"

Maji ya kusafishia kidonda hayajachemka, gari likatokea linatimua vumbi. Daktari wa wanyama, askari wawili, masanduku ya dawa, na taa juu inazunguka. Mama Pacha akapigwa na butwaa. Tangu azaliwe hajawahi kuiona serikali ikikimbia.

"Tembo yuko wapi?" mkuu wa askari akauliza.

Mama Pacha akauonyesha mlango. "Huyo hapo."

Mkuu akamtazama majeruhi. "Mama, unajua kuidanganya hifadhi ni jela?"

Daktari alikwishapiga magoti. "Dawa zangu ni za mnyama wa tani kadhaa," akasema taratibu, "lakini bandeji ni bandeji." Akafunga jeraha, akachoma sindano ya dripu, akampa Mama Pacha chupa aishike juu.

"Nani alipiga simu?" mkuu akafoka.

Fundi akafungua kinywa, Mama Pacha akamkata kauli. "Simu ni yangu. Nikamate."

"Nitakukamata kweli!"

"Si ndivyo ninavyotaka? Kituo cha polisi kiko mjini, ubavuni mwa hospitali. Na huyu mume wangu aliyelala hapa, tumeshirikiana. Tupeleke wote."

Yule askari mwingine akafungua nyuma ya gari bila kuambiwa, akasaidiana na fundi kuupakia mlango.

Mama Pacha akapanda, akaketi karibu na kichwa cha mumewe. Mkuu akatoa pingu, akamfunga mkono mmoja kwenye chuma cha gari. Ule wa pili akauacha, maana ulikuwa umeshika dripu.