Pua ya Bi Tunu Jaridani

Adhuhuri hii Bi Tunu Shekalaghe, mwandishi wa riwaya, amejilaza mkekani, uso kaufunika kwa jarida la vichekesho liitwalo Upupu. Humo wamemchora na pua kubwa kama buli, wakaandika kwamba sentensi zake ni ndefu mno, msomaji hubandika maharage jikoni mwanzoni na kuyala yameiva kabla hajaiona nukta. Ameapa haandiki tena. Usingizi unamchukua na hasira zake, na papo hapo yuko barabarani, barabara isiyo na mwisho, inapinda na kurudi na kupinda tena, na kandokando watu wamebandika maharage, wanakoroga, wanapiga soga. Mbele yake anatembea mtu asiye na uso, kichwa laini kama yai mbele na nyuma. Naenda wapi, ndugu yangu? anauliza Tunu. Unakotoka, anajibu yule mtu, ila safari hii utafika. Wanaingia mji ambao kuta zake ni vioo, na vioo vinahama, mtaa unageuka uwanja, uwanja unageuka ngazi, na katika kila kioo yumo Tunu mwenye pua ya buli. Anajifunika kanga. Anachungulia. Pua inafuka mvuke, kama chai iko tayari, na kicheko kinamponyoka, kidogo, kisha kikubwa, mpaka anakaa chini. Bibi mmoja anayekoroga chungu anamsogezea kigoda. Wewe ndiye mwenye zile sentensi? Ndiye mimi, anasema Tunu, akingoja kusutwa. Basi usizikate, mwanangu, tunazisoma tukipika, nukta ikija upesi tunabaki na moshi tu. Tunu anamgeukia kiongozi wake. Kati ya wanaonicheka na huyu, mkweli nani? Wote wamekusoma, anasema asiye na uso. Bibi anampakulia maharage ya nazi, naye anakula taratibu, mpaka mji unayeyuka.

Anaamka. Mumewe, Mbelwa, ameketi mlangoni. Mbona unacheka peke yako, mama? Naicheka ile picha ya Upupu. Upupu ndiyo nini? Tunu anapapasa mkekani, anainua mto, hamna jarida. Mdomoni ana ladha ya nazi. Hajui ni lipi aliloliota, jarida au mji ule wa vioo, na wala halimsumbui. Jioni nitaendelea na riwaya, anasema, ila kwanza kaa hapa, nikuchoree walivyonifanya. Anavuta karatasi, anaanza na pua.