Kigoda Changu Gereji kwa Ridhiwani

Sijawahi kumwachia fundi gari langu nikaondoka. Wapo wanaoacha ufunguo, wakaenda zao sokoni, wakarudi alasiri na kukuta gari limeoshwa vizuri na nusu ya vifaa vyake vimehamia kwenye gari la mtu mwingine. Mimi huenda na kigoda changu. Nakiweka hatua tatu kutoka kwenye boneti, navaa miwani, na kila nati inayofunguliwa naihesabu kwa sauti ili aliyeifungua asikie kwamba inahesabiwa.

Fundi mwenyewe ni Ridhiwani. Nilimfundisha darasa la tano hapa hapa Kiranjeranje, kabla sijastaafu. Alikuwa na akili ya hesabu, siwezi kumnyima hilo, lakini siku moja nilimkuta na vipande vinne vya chaki mfukoni. Sasa ana mke, Umi, na mtoto wa mgongoni, na gereji yake ya mabati kando ya barabara kuu, lakini kila alipoingiza mkono mfukoni kutafuta spana mimi niliona chaki. Ndivyo nilivyo. Marehemu mume wangu, Haruna, alikuwa akisema Naima akipewa maji ya kunywa huuliza kwanza nani aliyeyateka.

Gari nililinunua kwa kiinua mgongo changu. Ni dogo, jeupe, la zamani, na wanangu walilipinga sana. "Mama, gari la nini kwa umri huo?" La kwenda hospitali Lindi, niliwajibu, na la kwenda mjini Masoko bila kusukumana na mtu. Sikuwaambia kwamba nalitumia pia kwenda msikitini, hatua mia tatu kutoka mlangoni kwangu.

Shaka yangu kwa Ridhiwani ilikomaa mwaka jana. Kila nilipochomoa kile kijiti cha kupimia oili nilikuta imeshuka. Nikamwendea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Oili yangu inakwenda wapi?"

"Inaungua, Mwalimu. Ukiwasha asubuhi tazama nyuma. Ukiona moshi wa buluu, ndiyo oili yenyewe hiyo. Ringi za pistoni, zinazozuia oili isipande, zimechoka." Akafuta mikono kwenye kitambaa. "Halafu usipime gari likiwa mteremkoni kama pale kwako. Tafuta mahali tambarare, asubuhi kabla hujawasha. Chomoa kijiti, kifute, kichovye tena, ndipo usome. Na hizi safari za kuwasha na kuzima, za kwenda hapo msikitini, injini haipati hata joto. Zinaiua, na moshi wote huo wanauvuta watoto wa jirani. Hapo nenda kwa miguu, Mwalimu. Thawabu ni kubwa zaidi."

Mwanafunzi wangu kunifundisha kutembea! Nilirudi nyumbani nimevimba. Moshi wa buluu niliuona kuwa kisingizio cha mtu aliyekunywa oili yangu, na sikugeuka nyuma kuutazama hata siku moja.

Kilichonitia shaka zaidi ni pipa. Nyuma ya gereji alikuwa na pipa lenye mfuniko, humo alimimina oili chafu ya kila gari, na kila baada ya miezi miwili lori lilikuja kutoka Lindi kulichukua. Nikajiuliza, nani katika nchi hii anatoka Lindi kuja kubeba uchafu wa watu? Lazima kuna biashara. Basi kila nilipobadilisha oili nilikwenda na dumu langu.

"Mwalimu, hii iache hapa," alinisihi kila mara. "Ina sumu. Ikiingia ardhini haitoki."

"Imetoka kwenye gari la nani?"

"Lako."

"Basi jaza dumu."

Na oili chafu ina kazi, asikudanganye mtu. Huku kwetu kila aliyewahi kusimamisha mti ardhini anajua kwamba bila kuupaka oili chafu unawapikia mchwa pilau. Nguzo za nyumba, vizingiti, vyoo, mabanda ya korosho, vyote tunavipaka, na baba zetu walivipaka. Mwaka huu, kabla ya masika, nilipotaka kutoa sadaka kwa ajili ya Haruna, niliamua kukizungushia uzio kisima cha kitongoji chetu, maana mbuzi walikuwa wakikifikia hadi ukingoni. Nilinunua miti ishirini na miwili. Nikalaza vitako vyake kwenye oili siku tatu. Mashimo yalipochimbwa, oili iliyobaki kwenye madumu niliimimina humo kwa mkono wangu, shimo kwa shimo, ili mchwa wasije wakapandia chini. Imamu aliomba dua. Bi Stefania, jirani yangu, alisema hata huko kwao Parokiani hawana uzio kama ule. Nilifurahi sana siku ile.

Masika yakaja. Wiki ya pili ya mvua, Umi alichota ndoo, akaiweka chini, akaniita. Juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa, zambarau na kijani, unaojikunja ukiupuliza. Nikanusa. Mafuta.

Sikuhitaji kufikiri. Gereji ya Ridhiwani iko juu kidogo ya kisima, hatua kama sitini, na maji hayapandi mlima. Nilimtazama Umi, mke wa mwizi wa chaki, nikamwonea huruma kwa kuolewa na mtu anayelisha familia yake sumu.

Siku tatu nilimchunguza. Nilikaa barazani nikijifanya nachambua choroko, macho yakiwa gereji. Alipokwenda nyuma ya banda nilihesabu dakika. Aliporudi mikono mitupu nilijiuliza alichoshika kimebaki wapi. Aliponipungia mkono nikasema moyoni, mwenye hatia ndiye anayewahi kusalimia. Siku ya nne nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Amiri, na yeye akaita mkutano pale pale kisimani.

Nusu ya waliokuja niliwafundisha kusoma. Nilisimama nikaeleza mteremko, pipa, lori la Lindi. Ridhiwani akaomba watu waje walione pipa lake. Tukaenda. Akafungua mfuniko, limejaa hadi karibu na mdomo, na chini yake udongo haukuwa na doa la oili.

"Kama ningemwaga," alisema, "hili lingejaa vipi?"

"Pipa lililojaa," nilimjibu, "linatuonyesha oili uliyoibakiza. Halituonyeshi uliyoimwaga."

Watu wakacheka. Nilikuwa bado najua kulishika darasa. Ridhiwani alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Hakunitaja mimi na madumu yangu. Wakati ule nilidhani ameishiwa maneno.

Bwana Amiri akatoa uamuzi: ardhi ile ni ya kijiji, gereji iondoke ifikapo Ijumaa. Umi alikuwa amesimama pembeni, mtoto mgongoni. Alijitwika ndoo yake tupu akaanza safari ya kwenda bombani shuleni, karibu nusu saa kwa miguu.

Jumatatu lori lilikuja likachukua pipa. Jumanne Ridhiwani alianza kung'oa mabati. Nilisikia anahamia Somanga, na kwamba huko hana kiwanja wala mteja. Nikasema ndiyo malipo yake. Usiku huo ikanyesha mvua kubwa.

Jumatano asubuhi nilitoka mapema kwenda kisimani. Nilitaka kuona maji yaliyotakata, niwe na la kumwambia yeyote atakayemtetea. Nikainama kwenye ukingo.

Utando ulikuwepo. Mpya, mnene kuliko wa kwanza.

Amekuja kulipiza kisasi, nikasema. Amemwaga oili ya mwisho kabla ya kuondoka. Nikaanza kutafuta alama za viatu kwenye tope, nikazunguka upande wa juu, nimeshika nguzo moja ili nisiteleze. Alama za viatu zilikuwa za kwangu tu. Nilipojiinua niliona ukingo wa mtandio wangu mweupe umepakwa weusi. Nikatazama kiganja. Nacho.

Nikaitazama ile nguzo. Chini, palipokutana na udongo, maji ya mvua yalikuwa yametuama, na kutoka kwenye tope lile kamfereji kembamba kalishuka hadi kwenye ufa wa ukuta wa kisima. Kalikuwa na zambarau na kijani. Nikaenda nguzo ya pili. Vile vile. Ya tatu niliitikisa, na kwa kuwa udongo ulikuwa umelowa, iling'oka mikononi mwangu. Shimo lilikuwa jeusi mpaka chini. Harufu niliijua. Ilikuwa harufu ya gari langu.

Nitasema kweli. Jambo la kwanza nililofanya ni kutazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Nikawaza: leo Jumatano. Keshokutwa ataondoka. Wiki ijayo naweza kuing'oa miti yote, nikasema imeoza, nani atauliza? Mimi nisingemwuliza Mwalimu Naima. Nikairudisha ile nguzo shimoni. Nikaikanyagia udongo kwa mguu. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyoikanyagia, kisigino kwanza, kama mtu anayepanda mhogo.

"Mwalimu!" Alikuwa Bi Stefania, na ndoo mkononi, amekuja kuona kama maji yametakata. Akaona mikono yangu. Uso ukamchangamka. "Umemkamata?"

Niliweza kusema lolote na angeamini. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba angeamini.

"Nimemkamata," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa." Nikamwonyesha viganja vyangu.

Hakuelewa. Ilibidi niing'oe tena ile nguzo mbele yake, na nyingine mbili pembeni yake, ndipo akaweka ndoo chini na kujishika kichwa. "Yesu na Maria. Na ukuta wa jikoni kwangu, karibu na mtungi, si nimeupaka oili hiyo hiyo?"

Nilimwomba Bwana Amiri aite watu pale pale, siku ile ile. Alisema tunaweza kulimaliza kimya kimya, kwa heshima yangu. Nikamwambia tulimshitaki kwa sauti. Walikuja wachache kuliko mara ya kwanza, maana mvua ilikuwa imeanza upya, nami nikasema: oili ni yangu, nguzo ni zangu, Ridhiwani alinikataza kila mara na mimi nikadhani ananiibia. Nilitamani angalau mmoja acheke kama walivyocheka mara ile. Walitazama chini, kama watoto wanaomwona mwalimu wao analia. Na kweli nilikuwa nalia.

Ridhiwani alikuwa juu ya banda lake, ameshika bati. Alisikia yote. Aliliweka bati mahali pake, akaanza kulipigilia misumari tena.

Kisima kilifungwa. Tuliing'oa miti yote ishirini na miwili, na udongo mweusi ulijaza magunia kumi na moja. Ridhiwani ndiye aliyeyapanga magunia yale kwenye turubai, akayafunika, akawapigia simu wale wa lori la Lindi kuwauliza yapelekwe wapi. Alifanya kazi ile karibu yangu siku nzima. "Shikamoo, Mwalimu" asubuhi, na alasiri "tumemaliza." Basi.

Wakati kisima kinasubiri kusafishwa, nilisomba maji ya kitongoji kwa gari langu kutoka bombani shuleni. Madumu kumi kila safari. Asubuhi ya kwanza niliwasha, nikatazama kwenye kioo ili nirudi nyuma, na kwa mara ya kwanza nikaliona nililoambiwa. Moshi wa buluu, mzito, ukimfunika Umi na mtoto wake waliokuwa wamesimama kwenye foleni ya ndoo. Umi alimziba mtoto pua kwa khanga. Hakunitazama vibaya. Alisubiri tu upite.

Wiki iliyofuata, maji yalipoanza kuletwa na trekta la kijiji, niliendesha hadi gereji. Kigoda nilikiacha nyumbani makusudi. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri kwa nitakachosema, na nilijiona mkarimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unibadilishie ringi. Oili chafu mimina kwenye pipa lako." Nikamnyooshea ufunguo. "Nakuachia gari. Naenda nyumbani kwa miguu, utanipigia simu ukimaliza."

Hakuupokea. Alifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Hapana, Mwalimu. Kaa."

"Ridhiwani, nakuamini."

"Najua. Lakini kaa." Akaingia bandani, akatoka na kigoda kidogo, kile Umi anachokalia akifua, akakifuta, akakiweka hatua tatu kutoka kwenye boneti, pale pale palipokuwa pangu. "Hii ni kazi ya siku mbili. Usipokaa, sifungui. Kikija kupungua kitu kesho, nani atanishuhudia?"

Nikakaa.

Akafungua boneti. Akaifungua nati ya kwanza, akaiinua juu ili niione, akaitaja kwa sauti, "Moja," kisha akasubiri. Sikujua anasubiri nini mpaka nilipoona kwamba haendelei.

"Moja," nikaitika.

Akaiweka kwenye kitambaa, akainamia ya pili. Injini ina nati nyingi sana.