Sikupanda, Nilipakiwa

Wanaosema nilipanda lori lile ni waongo. Mimi Deodata, mke wa Anatoli, sikupanda. Nilipakiwa.

Ilikuwa Agosti 1974, mwaka wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, huko kwetu Mugoma. Mgambo walitukuta tunakunywa uji. Katibu Philbert alisimama uani na orodha yake akisoma majina, na nyuma yake nyasi za nyumba yangu zilikuwa zimeshaanza kuwaka. Nikamwambia, "Bwana Katibu, nipe siku mbili tu. Maharage yangu bado yako shambani."

"Mama, kijiji kipya kina kila kitu," akajibu bila kuinua macho.

Mgambo wawili wakanishika kwapani, wakanitupa juu ya lori la kampuni ya uchukuzi. Binti yangu Nimpaye, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka, wakamrushia baba yake kama furushi. Katikati ya lori, kati ya mbuzi, vitanda na familia nane, walikuwa wameweka mashine ya kusaga ya hicho kijiji kipya, kule upande wa Biharamulo.

Dereva aliitwa Shilinde, Msukuma mrefu mwenye sauti ya upole. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Katibu, hii mashine haijafungwa. Minyororo imebaki gereji. Niache nipeleke mashine kwanza, watu nitawarudia kesho."

"Leo hesabu yangu lazima itimie," Philbert akasema. "Endesha."

Kwenye mteremko wa pili gurudumu la mbele liliingia mtaroni. Lori likalala upande. Mashine ikateleza, nikaiona inavyokuja, nikakosa pa kukimbilia. Ikanibana kiuno kwenye ubao wa lori. Maumivu sikuyasikia mara moja. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu inayovunjwa, nikajiuliza ni nani anayevunja kuni saa hizi.

Hospitali ya Rulenge nililala wiki saba juu ya mbao. Daktari alinionyesha picha akaniambia pingili mbili za chini ya mgongo zimepasuka. "Utatembea," akasema, "lakini kuinama usahau. Kubeba mzigo usahau. Na kukaa kitako kwa muda mrefu hutaweza." Akaniandikia cheti chenye maneno "ulemavu wa kudumu", akanisisitiza nisikipoteze.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Mkulima asiyeweza kuinama ni nini? Nilisimama pembeni ya shamba kama mti, nikimtazama Anatoli akipalilia, akichota maji, akisonga ugali, huku wanaume wenzake wakimcheka. Nimpaye alikuwa akija nyuma yangu, anashika kanga yangu, analia nimbebe. Sikumbeba hata siku moja. Alijifunza kulilia mgongo wa baba yake. Hapo ndipo hasira ilipoanza kuota, na sikuing'oa.

Mwaka uliofuata Philbert alituita mkutanoni. Uwanjani kulikuwa na mashine mpya ya kusaga, bado ina grisi. Akatangaza kwa furaha kwamba kampuni ya uchukuzi imekubali kosa la ajali na imelipa mashine iliyoharibika. Watu wakapiga makofi. Nikasogea mpaka mbele, fimbo mkononi.

"Na kiuno changu je?"

Makofi yakakatika.

"Mama Nimpaye, hayo ni mambo mawili tofauti," Philbert akasema.

"Ni ajali moja. Lori lile lile. Chuma kimelipwa, mimi sijalipwa. Tofauti iko wapi?"

"Nenda Biharamulo ukajaze fomu."

Nikaenda. Anatoli alimwomba mwenye gari la pamba anilaze nyuma juu ya magunia, na kila shimo la barabara nililihesabu kwa meno. Karani wa madai wa kampuni ile alikuwa kijana nadhifu aitwaye Idefonsi.

"Shikamoo, mama. Karibu kiti."

"Marahaba. Siwezi kukaa."

Akasoma cheti cha daktari, akatikisa kichwa kwa huruma, akachukua fomu. "Lori letu lile ni la mizigo. Abiria haruhusiwi. Anayepanda kwa hiari yake, amejitakia, kampuni haimlipi. Sasa, mama, ulipanda kwa hiari yako?"

"Sikupanda. Nilipakiwa."

"Na nani?"

"Na mgambo, kwa amri ya Katibu. Walichoma nyumba yangu kwanza."

Akaweka kalamu chini. Akaenda kufunga mlango, akarudi akiongea polepole. "Mama yangu, usiseme hivyo. Wananchi wamehamia vijijini kwa hiari. Hiyo ndiyo kauli. Nikiandika ulilazimishwa, mimi nitaulizwa, na wewe utakamatwa kwa kuipaka serikali matope."

"Kwa hiyo nikisema hiari, hamnilipi. Nikisema nililazimishwa, nafungwa."

"Labda ulete barua ya Katibu mwenyewe," akasema, na niliona anajua kwamba barua hiyo haiwezi kupatikana.

Nikagonga fimbo sakafuni. "Ile mashine ya kusaga mliiuliza kama ilipanda kwa hiari?"

Akairudisha fomu kwenye droo.

Philbert alikataa barua kabla sijamaliza sentensi. Basi kesho yake asubuhi nilikwenda ofisi ya kijiji, nikatandika mkeka mlangoni, nikalala chali. Sikufanya hila; kulala ndiyo namna pekee ninavyoweza kusubiri. Lakini kwetu Wahangaza, kumruka mwanamke aliyelala ni mkosi, na mlango ule ulikuwa mmoja. Mgambo walifika wakasimama. Mwenyekiti akafika akasimama. Philbert akanizunguka huku na huku kama kuku anayetafuta upenyo.

"Ondoka, mama! Hii ni ofisi ya umma!"

"Nami ni umma. Andika barua."

Siku ya kwanza alicheka. Ya pili aliwaamuru mgambo waniburute; mmoja akainama kunishika mguu, na jirani yangu Eustakia akamwambia, "Mguse, mwanangu, halafu nenda kwa mama yako umweleze ulichofanya." Yule kijana akaondoka. Siku ya tatu wanawake walikuja na uji, wakakaa pembeni yangu na majembe yao. Siku ya nne zilifika habari kwamba wakubwa wa wilaya watakagua kijiji kesho. Philbert akapiga magoti karibu na kichwa changu, jasho linamtoka.

"Deodata, unataka nifukuzwe kazi?"

"Nataka uandike ulichofanya. Kingine ni chako."

Aliandikia dirishani, akiwa nje, juu ya goti lake. Aliandika kwamba nilipandishwa kwenye lori kwa amri yake kama katibu, na kwamba mashine haikuwa imefungwa. Mwenyekiti akapenyeza mkono dirishani, akachukua mhuri mezani, akampa. Nilimwambia Eustakia anisomee mara mbili ndipo nikainuka. Baada ya mwezi Philbert alihamishwa. Walisema ameondoka kwa hiari yake, nikacheka mpaka kiuno kikaniuma.

Kwa barua ile niliishtaki kampuni. Kesi ilichukua miaka miwili, na mara tatu iliahirishwa wakati nimeshafika Biharamulo. Kilichoiokoa ni Shilinde. Kampuni ilikuwa imemwonya, lakini alisimama kizimbani akaeleza yote: minyororo, hesabu ya Katibu, na yeye kuendesha huku akijua. "Niliogopa kazi yangu," akasema, akinitazama. "Nisamehe, mama." Sikumjibu. Nilimshukuru moyoni, lakini kusamehe sikuweza, maana alijua.

Hakimu aliamuru kampuni inilipe kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuja 1978, tukaweka vibarua shambani kwa misimu miwili. Fungu la pili likakutana na vita. Malori yote yalikwenda mpakani kubeba wanajeshi, na la Shilinde likaenda na Shilinde, ambaye hakurudi. Nililia siku nilipoambiwa, nikajuta kwamba sikumjibu pale mahakamani.

Mwishoni mwa 1979 nilisimama tena mbele ya Idefonsi. Alikuwa amenenepa. Alinisukumia karatasi inayosema nimepokea haki yangu yote.

"Nusu bado," nikasema.

"Mama, nchi imetoka vitani. Tumeambiwa tufunge mikanda miezi kumi na minane. Sote. Weka dole gumba hapa tulifunge hili faili."

"Mkanda nitaufunga wapi, Idefonsi? Kiuno mlikivunja ninyi."

Nikamrudishia karatasi yake bila dole. Akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu mezani. Anatoli akanishika mkono, tukatoka. Tulitembea kuelekea kwenye magari tukipumzika kila baada ya nyumba chache, na njia nzima niliwatukana kwa Kihangaza, kwa sauti ya juu, watu wakigeuka kutazama, na mume wangu hakuniambia ninyamaze.