Pale Gatini Kila Mtu Ni Shemeji

Wazazi wenzangu wenye mabinti, naandika haya nyinyi mkiwa bado na nafasi ya kujiokoa. Mkiambiwa mkutane na wakwe kwenye sehemu ya kula kule gatini, eti mkapunge upepo kidogo, kataeni. Semeni mna homa. Semeni nyumba inaungua. Mimi sikusema, na mpaka leo nikisikia mtu anaitwa shemeji moyo unanipiga kama mlango unaogongwa na mdai.

Binti yangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, ni mpishi. Anapika kwenye mkahawa mmoja pale gatini, jikoni kwa nyuma, ambako mteja haoni kitu isipokuwa tundu la ukutani la kupitishia sahani. Akapata mchumba, fundi wa mafriji, kijana mtulivu asiye na neno. Shida haikuwa kijana. Shida ni kwamba kijana alikuwa na baba.

Baba mtu ni bwana afya mstaafu. Maisha yake yote alikagua majiko ya watu, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia kwamba kazi imekwisha. Aliposikia mwanawe anataka kuoa mpishi wa gatini, alitangaza mbele ya ukoo mzima kuwa hawezi kumpokea "msichana wa moshi anayelisha watu asiowajua." Mkewe, mama mpole, akamsihi tukutane kwanza, tule pamoja. Bwana Afya akakubali, kwa ukarimu wake mkubwa, ila jibu la mwisho angelitoa mezani. Yaani mwanangu angeamuliwa maisha yake kati ya supu na matunda.

Mahali alichagua mwenyewe: ule mkahawa wa vioo mwanzoni mwa gati, pekee pale aliosema una hadhi, ambao sahani zake ni pana kama ungo na chakula chake ni kidogo kama dawa ya mtoto. Kitinda akaomba ruhusa kazini tufuatane, nami nikavaa viatu vinavyonibana, kwa heshima yake. Kufika, mlinzi akatuambia pamejaa, kuna kampuni imechukua ukumbi wote.

"Baba, tusogee mbele," mchumba akasema. "Mbona sehemu ni nyingi?"

Tukasogea. Njia nzima Bwana Afya alitufundisha, bure kabisa. "Hapa mafuta wanarudia. Pale kwenye mwavuli mwekundu juisi ni maji na rangi. Hapo kahawa ni safi, ila ukae ndani, meza za nje zinayumba."

Nikajiuliza, mtu anayepadharau gatini amejuaje meza ipi inayumba? Lakini mwenye binti haulizi. Mwenye binti anatabasamu mpaka mashavu yanauma.

Tukaukaribia mlango wa bluu, mkahawa anaofanyia kazi Kitinda. Niliomba Mungu tupite. Sakafu ya pale haijawahi kukauka, moshi wake unakufuata mpaka nyumbani, na nilijua Bwana Afya akiingia tu, harusi imekwenda na maji. Ajabu, yeye naye akaongeza mwendo.

"Twendeni, twendeni," akasema. "Hapa hapana hadhi."

Ilikuwa mara ya kwanza mimi na yeye kukubaliana. Basi mvua, kwa kutuonea wivu, ikamwagika yote kwa pamoja. Mama wa kijana hakungoja ushauri wa mtu. Akasukuma mlango wa bluu, nasi nyuma yake.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo Kitinda alishanieleza mimi, ila mama wa kijana hakuelezwa na mtu. Mwenye mkahawa ule ana kichwa kisichoshika majina. Kwa hiyo kila mteja anamwita shemeji. Mwanamume shemeji, mwanamke shemeji, polisi shemeji. Wale wa kila siku anawaongezea jina la pili ili jikoni wajue ni nani: Shemeji Kofia, Shemeji Ndimu. Ndivyo anavyopiga kelele kwenye lile tundu, na Kitinda huko ndani anajua cha kupika. Sura hazioni, anasikia majina tu.

"Shemejiii!" mwenye mkahawa akamrukia Bwana Afya kwa mikono miwili. "Umetuletea mpaka mvua! Kama kawaida?" Akavuta kiti cha pembeni, akakifuta kwa kitambaa. "Jana hukuja. Binti wa ndani akauliza, shemeji katususa?"

Bwana Afya alibadilika rangi, sikujua mtu anaweza kuwa na rangi nyingi vile.

"Shemeji?" mkewe akauliza taratibu. "Shemeji kwa nani?"

"Kwa hapa, mama! Huyu ni mtu wetu siku nyingi. Na wewe karibu, shemeji."

"Na mimi pia! Kumbe nimeletwa kutambulishwa. Huyo binti wa ndani ana umri gani?"

"Bado msichana mdogo," akasema mwenye mkahawa, akidhani anasaidia. "Lakini mikono yake, shemeji, we acha tu!"

"Mama watoto, nisikilize..."

"Matembezi ya afya!" Yule mama mpole hakuwa mpole tena. "Kila alasiri, matembezi ya afya! Mimi nakuchemshia mboga bila chumvi nikidhani nina mume mgonjwa, kumbe nina mume wa watu! Mwanangu, beba mwavuli. Hakuna harusi hapa. Baba yako keshaoa kwa niaba yenu wote."

Akashika mkoba wake. Mchumba akamtazama Kitinda, Kitinda akanitazama mimi, na mimi nikatazama viatu vyangu. Siku nzima nilihofia mwanamume atakataa, kumbe atakayeondoka ni mwanamke, tena kwa haki yake.

Kitinda alikuwa amesimama nyuma ya mchumba wake, amejitanda vizuri. Akasogea mbele. "Bosi, huyu ni shemeji gani?"

"Ala! Kumbe ni wewe? Umependeza mpaka nikadhani ni mteja! Si Shemeji Chumvi huyu? Samaki wa kukaanga akauke, chumvi mara mbili, na soda baridi."

Kitinda akajiziba mdomo. Bwana Afya akamgeukia kama mtu anayezama aliyeona kamba.

"Mwanangu," akasema. Ndiyo, mwanangu! Kabla ya hapo alikuwa hata hajamwita jina. "Mwanangu, mweleze mama yako. Mimi hapa huwa nafanya nini?"

"Nitajuaje, baba?" Kitinda akajibu kwa adabu zote nilizomlea nazo. "Mimi ni msichana wa moshi tu. Nalisha watu nisiowajua."

Mvua ikasikika juu ya bati. "Nilikosea kusema vile," Bwana Afya akasema, kwa sauti ndogo ambayo nahisi alikuwa hajawahi kuitumia.

Kitinda akamshika yule mama mkono. "Mama, binti wa ndani ni mimi. Oda ya Shemeji Chumvi ni sahani moja na glasi moja, siku zote. Mwenye mtu wake huagiza mbili. Sahani ikirudi imebaki miiba mitupu, na salamu: mwambieni mpishi mikono yake isichoke. Hana mwanamke hapa. Ana samaki."

Yule mama akakaa. Akapumua. Nikapumua naye. Kisha akakunja uso upya.

"Umesema chumvi mara mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Na daktari alisemaje?" akamuuliza mumewe. Bwana Afya alikuwa ameanza kukagua utando wa buibui darini. "Haya, na lile jibu lako la mwisho, lilikuwa nini vile?"

"Nilikuwa nataka kusema... binti ana mikono mizuri."

"Hukutaka kusema hivyo. Ila ndivyo sote tulivyosikia."

Harusi ikapangwa palepale, sakafu ikiwa na maji, moshi ukituingia machoni. Yule mama akatoa amri kwenye lile tundu la jikoni: Shemeji Chumvi akija, apewe mboga za kuchemsha. Sasa anaitwa Shemeji Mboga. Ndiye mteja pekee pale mwenye undugu wa kweli na jikoni, naye ndiye pekee anayekataa kuitwa shemeji.

Matembezi ya afya yanaendelea. Nasikia siku hizi yanaishia kwenye mwavuli mwekundu, penye juisi ya maji na rangi, ambapo bila shaka anakwenda kukagua tu.

Basi msiseme sikuwaambia. Mkwe akianza kuwaonyesha meza ipi inayumba, msibishane naye. Mwachieni binti aendelee kutabasamu, nyinyi piteni gatini mapema mkaulize huko anaitwa nani.