Anglia ya Bedan na Riboni za Shangazi

Stata ya gari ilipolia mara ya kwanza, wanawake wote waliokuwa nje ya nyumba walipiga vigelegele. Ilipolia mara ya pili, vigelegele vilikuwa nusu. Mara ya tatu alibaki mama mmoja tu mwenye matumaini, naye akakatikia njiani kama redio iliyoishiwa mawe.

Ndani, Wayua alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, gauni jeupe limemzunguka kama povu la sabuni, shela imemfunika uso. Aliambiwa asisogee. Shangazi Kavata, dada ya baba yake, alikuwa ameweka sharti: bibi harusi hatoki mlangoni mpaka gari liwe linanguruma, na siku hiyo hana mdomo, wa kumsemea ni shangazi yake.

Sharti la mdomo halikumsumbua Wayua hata kidogo. Yeye akitumwa nyama sokoni Burma huwaacha wateja wote wahudumiwe mbele yake, hata waliomkuta pale, kwa sababu kusema "mimi ndiye niliyetangulia" kulikuwa kazi kubwa kuliko kusimama.

"Kuna nini huko?" alimuuliza Teresiah, rafiki yake na msimamizi wake, aliyekuwa amebandika pua dirishani.

"Mjomba wako anaipiga stering kama ngoma," alisema Teresiah. "Gari halitaki."

Mjomba Kiilu, ndugu ya mama yake, alikuwa dereva wa lori la saruji, na leo alikuwa ameazimwa gari dogo, Anglia ya Bedan, jirani wa mlango wa tatu. Bedan aliileta jana alasiri, akaiegesha chini ya dirisha, akampa Kiilu ufunguo, kisha alfajiri akaenda Thika kwenye zamu yake ya kiwandani. Alikuwa mtu mwema, ila alisema maneno machache kana kwamba yanauzwa dukani.

Jana hiyo hiyo, wanawake wakiimba nyumba nzima, Bedan alikuwa ameinama mlangoni akampa Wayua kifurushi kidogo cha gazeti kilichofungwa kwa mpira. "Ya kesho hii," akasema, akaenda zake. Swali la "ya nini?" lilimfika Wayua kwenye meno likarudi tumboni. Harusi ni kesho, basi hii ni zawadi. Akaitia ndani ya kiondo cha zawadi, pamoja na vikombe na mashuka, na Shangazi akakifunga kiondo kwa leso, mafundo juu ya mafundo. Zawadi hazifunguliwi mpaka keki ikatwe, mbele ya watu wote. Hilo nalo lilikuwa sharti.

Huko nje wanaume walikuwa wameshaizunguka Anglia.

"Jana nililisikia likiingia hapa," alisema Mjomba Kiilu. "Lililia vizuri kama cherehani mpya!"

"Kiilu, ndugu yangu, wewe umezoea lori," alisema Owino wa nyumba ya pembeni, aliyevaa suruali pana ya bugaluu ya rangi ya udongo kwa ajili ya harusi. "Gari dogo halikanyagwi hivyo. Umeizamisha kwa petroli."

"Ni betri," alisema Mzee Nzomo, mchonga vinyago.

"Betri vipi, na stata inalia?"

"Inalia, lakini si kwa moyo."

Kiilu alishuka akashika boneti. Hapo ndipo sauti ya Shangazi Kavata ilipokuja kama mluzi wa askari.

"Mkono wa nani huo?"

Jioni nzima ya jana Shangazi alikuwa ameifunga Anglia riboni, nyeupe na waridi, kutoka bampa hadi kwenye vioo vya pembeni, zikapishana juu ya boneti, akazishindilia maua yaliyochumwa kwenye ua wa majirani. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata kidole.

"Shangazi, lazima tuone injini," alisema Kiilu.

"Mtaiona kesho. Mkizifungua riboni hizi, mnifunge mimi hapo mbele nikae badala yake."

Basi wakaisukuma. Waliisukuma hadi kwenye maduka ya mtaa wa Jericho na kurudi, wanaume wenye suti na tai, Owino akiacha kisigino cha kiatu barabarani, mama wa mboga akipiga makofi na kuuliza kama bibi harusi pia atasukumwa akifika kanisani. Anglia haikukohoa hata kidogo.

Ndani, Wayua aliiona saa ya ukutani. Kanisa lilikuwa mjini. Baba na mama walikuwa wameshatangulia na lori la kwaya. Padre alikuwa na harusi nyingi Jumamosi hiyo, na alikuwa amesema wazi kwamba watakaokosa zamu yao watarudi Jumamosi nyingine. Lakini kwa Wayua na bwana harusi wake, Muturi, hakukuwa na Jumamosi nyingine. Jumatatu Muturi alikuwa anapanda treni kwenda Mombasa kuanza kazi, na nyumba aliyoahidiwa huko ilikuwa ya watu waliooana. Bila pete, angeenda peke yake, na nyumba ingepewa mwingine. Baada ya hapo, nani ajue?

Shangazi naye aliiona saa. Akaenda kwenye gari kimya kimya, akaanza kufungua riboni. Teresiah alimkimbilia na mkasi.

"Weka mkasi huo mbali! Fundo langu nalifungua mwenyewe."

Boneti ilipofunguka, Kiilu alivua koti, akatoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma huku Mzee Nzomo akiwasha.

"Moto uko?"

"Hamna. Kavu kabisa."

"Basi koili," alisema Mzee Nzomo.

"Mzee, kwanza ilikuwa betri."

"Betri na koili ni ndugu."

Owino aliinamia distribyuta, akafungua kifuniko chake, akachungulia ndani. Kisha akasema polepole, "Wee. Kiilu, kuja uone. Rota haiko."

Wanaume walipumua kwa pamoja. Kiilu alijipiga paji la uso. "Bedan! Ameing'oa! Na mimi ya lori naing'oa kila usiku, sikufikiria!"

Maana siku hizo, katika mitaa ile yote, aliyekuwa na gari la kulipenda alilala na rota yake. Mwizi angeweza kuja na rundo la funguo, lakini bila rota angelala humo ndani ya gari hadi asubuhi.

"Rota ni mnyama gani?" aliuliza Shangazi.

"Ni kitu kidogo, Shangazi. Cha kahawia, hivi, unakifumba mkononi. Kina ulimi wa shaba. Ndicho kinazunguka hapa kikigawia plagi moto."

"Sasa kiko wapi?"

"Kiko Thika," alisema Kiilu, akiketi kwenye bampa. "Ndani ya mfuko wa suruali ya Bedan."

Shangazi aliketi kando yake, riboni zikiwa mapajani, akaanza kulia. Mmoja alitaka kukimbia kutafuta fundi, mwingine alitaka lori la kwaya lirudishwe, wa tatu alitaka ijulikane kwamba yeye tangu mwanzo alisema wakodi teksi.

Wayua aliyasikia yote. Kitu kidogo, unakifumba mkononi. Mikono yake ilikumbuka kabla ya kichwa.

"Shangazi," aliita. Sauti haikufika hata mlangoni. "Teresiah." Teresiah alikuwa nje, akibishana na Owino.

Akapiga magoti na gauni lake lote, akavuta kiondo, akang'ang'ana na mafundo ya leso mpaka ukucha ukavunjika. Kifurushi kilikuwa chini kabisa, chini ya mashuka. Alifikiri kukitupa nje dirishani. Lakini nani angekiona katika zogo lile? Akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akatoka.

"Wayua! Rudi ndani!" Shangazi aliruka. "Gari halijanguruma!"

"Mjomba!" alisema Wayua, kwa sauti iliyomshtua yeye kwanza. Zogo likakatika. Watu wote wakamtazama, naye akahisi miguu ikitaka kurudi peke yake. Akaikaza. "Bedan alinipa hiki jana."

"Lakini hiyo ni zawadi!" alisema Shangazi. "Haifunguliwi kabla ya keki!"

"Shangazi, hiki tusipokifungua, keki yenyewe haitakatwa."

Owino ndiye aliyeanza kucheka. Kiilu alishafyatua mpira, akachana gazeti, na pale kiganjani mwake, kahawia, na ulimi wa shaba, rota ikawa imelala.

Stata ililia mara moja tu. Anglia ikanguruma, vigelegele vikapanda hadi paa la maduka, na Shangazi akafunga riboni tatu tu njiani, kiwiliwili chote kikiwa nje ya dirisha, akimgombeza Kiilu asiende mbio na akimgombeza asiende polepole.

Walifika wakati maharusi waliowatangulia wakitoka mlangoni. Muturi alikuwa kwenye ngazi, ua la koti lake limeshanyauka kwa kuguswaguswa. Alimtazama Wayua, akamtazama tena, akaona alama nyeusi ya mafuta ya kile kifurushi kwenye kiganja chake, akaicheka.

Jioni, ukumbini, keki ilipokatwa, Shangazi alitangaza zawadi moja moja. Akafikia karatasi ya gazeti na mpira.

"Na huyu Bedan, jamani, ametuletea gazeti la wiki iliyopita!"

Watu waliangua kicheko. Bedan alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka Thika. Akasimama mlangoni akikuna kichwa.

"Ile ilikuwa ya Kiilu," alisema. "Si nilisema?"

"Ulisema nini?" aliuliza Kiilu.

Bedan alifikiri. "Kumbe sikusema."

Akapita katikati ya meza, akachomoa mfukoni kifurushi kingine kidogo cha gazeti, kimefungwa kwa mpira kama kile cha kwanza, akamnyooshea Wayua.

"Ya leo hii," akasema.

Wayua aliweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Ya nini?" aliuliza, na hata waliokaa nyuma kabisa walimsikia.